Kiatu Kwanza, Kodi Baadaye

Mkongo akipata pesa hununua kiatu kwanza; kodi ya nyumba itajijua. Utani huu nimeusikia Dar es Salaam mara nyingi hadi sasa nawasaidia kuumalizia: hununua kiatu, halafu mkanda unaoendana na kiatu, ndipo anamkumbusha mwenye nyumba kwamba Mungu ni mwema.

Mimi ni wa Goma, nasoma shahada ya uzamili hapa. Katika nchi ambayo Mnyamwezi anaweza kumfanyia Mzaramo kituko msibani na wafiwa wakacheka, nimeelewa mapema kwamba kutaniwa ni kukaribishwa. Wenzangu darasani huniuliza kama kwetu kuna siku ya kazi katikati ya siku saba za muziki. Nami huwauliza kwa nini wao husema "naomba" hata wakidai chenji yao wenyewe. Ngoma droo.

Ila hilo la mavazi lina historia ambayo watani wangu hawaijui. Mobutu, yuleyule aliyeiita nchi Zaire mwaka 1971, alipiga marufuku suti na tai. Mwanaume wa heshima akatakiwa kuvaa abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake la Kifaransa lina maana ya "suti na ife". Kwa hiyo kijana wa Kinshasa aliyetoka nje na suti ya Paris, akimfuata Papa Wemba, hakuwa anaringa tu. Alikuwa anavunja amri ya rais, hadharani, na soksi zikiwa za rangi moja na leso. Tai iliruhusiwa tena tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile ambayo Mobutu alikubali vyama vingi huku machozi yakimlenga. (Papa Wemba alifia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Hata kufa alichagua siku inayoendana.) Babu yangu, fundi cherehani, alishona abakosti miaka yote hiyo. Tai yake moja aliikunja ndani ya Biblia.

Kuna utani mmoja tu ambao siucheki. Mungu aliipa Kongo dhahabu, almasi, shaba, misitu na mto mkubwa, malaika wakalalamika kwamba anapendelea, akawajibu, "Subirini mwone watu nitakaowaweka." Wabrazili nao wana wa kwao wa namna hiyohiyo. Kinachonikera ni kwamba ndani yake kuna Mungu, malaika na Wakongo, lakini hayumo Leopold wa Pili, aliyeimiliki nchi nzima kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Hayumo hata mnunuzi mmoja.

Bora Kifungu cha 15. Huo tumeutunga wenyewe: tunasema katiba yetu ina kifungu kisichoandikwa, kinachosema "jitafutie". Huna maji, huna mshahara, daraja limebebwa na mto? Kifungu cha 15. Ni utani unaomcheka mwananchi na kuishtaki serikali kwa pumzi moja.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma. Darasani utani ukakatika siku hiyohiyo. Watu waliniambia pole, wakaniachia kiti cha mbele, wakashusha sauti nilipopita. Najua walinipenda. Lakini kwa wiki mbili sikuwa mtani wa mtu yeyote. Nilikuwa habari ya saa mbili usiku, inatembea na begi mgongoni.

Mama nilimpata kwa simu baada ya siku kadhaa. Benki zilikuwa zimefungwa. Alisema jirani amemkopesha unga, naye amemkopesha jirani mkaa, na kwamba anayetaka fedha taslimu anauza alichonacho.

"Sasa mnaishije, mama?"

"Mwanangu, wewe si ndiye msomi? Kifungu cha 15."

Alicheka yeye kwanza. Mimi nilichelewa kidogo, mtandao ulikuwa unakatikakatika.