Vidonge vya Damu Vilivyonigeuza

Nafundisha biolojia hapa Ndalambo, wilayani Momba. Nilipokuwa na ujauzito wangu wa pili, kipimo cha kliniki kilionyesha wingi wa damu (hemoglobini) uko chini ya gramu 11 kwa desilita, na mjamzito akiwa chini ya hapo huhesabiwa ana upungufu wa damu. Moyo ulikuwa ukinienda mbio kwa kutembea kidogo tu, na hamu ya kula udongo haikunitoka. Nesi akanipa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. "Mwalimu, meza kila siku, na chai usinywe pamoja na chakula." Mama mkwe akahofu vitamkuza mtoto hadi ashindwe kutoka. Wengi huku husema hivyo, na hofu hiyo nami ilinikaa.

Iliyonitoa hofu ni seli yenyewe. Chuma husafiri katika damu kikiwa kimebebwa na protini iitwayo transferini, atomi mbili kwa kila moja. Kwenye utando wa seli kipo kipokezi kinachoikamata transferini na kuiingiza ndani. Humo tindikali hukiachilia chuma, kisha kipokezi hurudi juu kuendelea na kazi. Seli ikipungukiwa chuma, protini mbili maalumu hushika RNA ya kipokezi zikailinda isivunjwe, vipokezi vikaongezeka. Wakati huohuo huzuia kutengenezwa kwa feritini, protini inayohifadhi chuma. Chuma kikitosha, mambo hugeuka. Seli huchukua kwa kadiri ya haja yake! Na kondo la nyuma limejaa vipokezi hivi: chuma changu kilikuwa kinakwenda kumtengenezea mwanangu damu, wala si kumnenepesha.

Nilisoma zaidi. Mwaka 2015, kundi la Nancy Andrews, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilieleza jinsi lilivyokiondoa kipokezi hiki katika utumbo wa panya. Panya walikufa mapema, na jeni nyingi zisizo za kazi ya seli za utumbo zikaanza kufanya kazi. Kuwachoma sindano za chuma hakukusaidia. Walipopewa kipokezi kilichobadilishwa kisiweze kupokea transferini yenye chuma, wengi wao walionekana kupona kabisa. Kwa hiyo kipokezi kina usemi wake juu ya jeni, mbali na kuingiza chuma. Nilikuwa nimeifundisha mada hii miaka mingi bila kuiona hivyo.

Nikameza vidonge kila siku, chai nikaihamishia katikati ya milo, mboga za majani nikazila na nyanya na machungwa. Damu ikapanda, hamu ya udongo ikaisha, mtoto akazaliwa salama. Mama mkwe sasa ndiye anayewakumbusha wakwe zake wengine.

Lakini chuma si cha kugawiana kiholela. Huko Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi mahali penye malaria nyingi walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa. Walionufaika ni wenye upungufu, waliofuatiliwa na kutibiwa malaria. Kwa hiyo, dada yangu mjamzito, wahi kliniki, pima damu, meza ulichopewa na lala ndani ya chandarua. Vidonge vyako usimpe mtoto mpaka naye apimwe.