Mdomo wa Bomba la Moshi

Jambo nitakalowaeleza ni dogo kwa kulitazama, maana ni mdomo wa bomba la moshi wa motokaa tu. Lakini usiku mmoja lilinikosesha usingizi.

Mwaka jana baba yangu mdogo, hapa kwetu Muheza, aliazimu kuuza motokaa yake kuukuu apate fedha za kuezeka nyumba. Mnunuzi alikuwa mtu wa kijiji cha pili. Shule zilikuwa zimefungwa, basi baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, isafishe vema, hata ile midomo ya bomba, kwa kuwa macho ndiyo yanunuayo kwanza." Midomo yenyewe ilikuwa miwili, zamani ikimetameta kama kioo, sasa imevaa masizi na madoa ya kutu.

Nikafanya kama mama alivyonifundisha utotoni kusugua sufuria. Nikatwaa majivu, mchanga laini na kumbi la nazi, nikausugua mdomo wa kwanza kwa nguvu zangu zote. Nilipousuuza, nikaona mikwaruzo tele, na mahali pamoja rangi ya manjano kidogo imetokeza.

Jirani yetu, fundi wa motokaa, alipoona akacheka sana. "Mwalimu," akasema, "hii si sufuria!" Akanieleza kwamba sufuria ni alumini tupu ndani na nje, ukiikwaruza, chini yake ipo alumini nyingine. Bali mdomo ule ulikuwa chuma cha kawaida kilichovikwa nikeli, na juu ya nikeli kromu, utando mwembamba kuliko unywele. Ile rangi ya manjano ilikuwa nikeli, na kromu iliyokwisha kuondoka hairudi kwa kusugua. Iko midomo mingine ya chuma kisichoshika kutu, kama kile alichokifanya Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Humo kromu imechanganywa na chuma chote, kwa hiyo mikwaruzo yake yaweza kung'arishwa. Lakini nacho kisisuguliwe kwa nyuzi za chuma cha kawaida, kwani vipande vyake hubaki vikashika kutu.

Mdomo wa pili tuliushika kwa adabu. Tulingoja bomba lipoe kabisa, tukaliosha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, kisha tukakunja karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, tukailowesha na kusugua kutu polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi, ila kutu huiondoa. Tukakausha, tukapaka nta. Naam, nikaiona sura yangu humo.

Hapo fundi akatia kidole ndani ya bomba, akakitoa kimejaa weusi wenye utelezi. Akasema, "Masizi makavu meusi huonyesha kwamba injini yapewa petroli nyingi kupita hewa. Lakini haya mabichi ni habari nyingine. Injini yala oili. Je, na haya utayafuta?"

Sikumjibu.

Jioni nikamwendea baba mdogo. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza tuliyoyaona, nikamwuliza kama alikuwa na habari. Akanyamaza kitambo kirefu. Kumbe alikuwa akiongeza oili kila juma, na hakumwambia mtu! Kisha akakasirika: "Nilikutuma kusafisha, sikukutuma kupima injini. Kafute na ndani." Nikaenda kulala bila kufuta, nami nikaona haya kumkatalia mtu aliyenilipia ada ya shule.

Alfajiri nilimkuta amechutama nyuma ya motokaa, kitambaa mkononi. Nilidhani amekwisha kufuta. Alipofika mnunuzi, akausifu sana mng'aro wa ule mdomo wa pili. Baba mdogo akamwambia, "Tia kidole ndani, ndugu yangu, kabla hatujataja bei." Yule mtu akatia, akakitazama kidole chake, bei ikashuka sana. Nyumba imeezekwa bati upande mmoja. Upande wa pili ungali makuti.

Walipokwisha kupatana, mnunuzi akainama tena, akauliza ni nani aliyeukwaruza ule mdomo wa kwanza namna ile. Baba mdogo akanigeukia, ikawa zamu yangu kusema.