Ukistaafu Rubafu, Jenga Juu

Rubafu iko kaskazini ya mji wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria. Ni mahali pazuri. Samaki wapo, na upepo wa ziwa unapoza mwili. Mstaafu akifika hutamani kujenga ufukweni.

Ndugu mstaafu, usifanye haraka. Ziwa hili hupanda. Lilipanda sana mwaka 1964. Mwaka 2020 lilipanda tena, likaingia katika nyumba za kando yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tena, ukioga ziwani waweza kupata kichocho.

Jenga juu, kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Ziwa utaliona ukiwa barazani. Samaki utanunua kwa wavuvi. Kiinua mgongo huja mara moja tu. Usikitie majini.