Chenga na Makali

Kwa Kiingereza, zile punje zinazotapakaa kwenye picha iliyopigwa gizani huitwa kelele. Sisi tulikuwa na neno letu hata kabla simu hazijawa na kamera: chenga. Televisheni ikipoteza mawimbi huonyesha chenga, na mchele uliovunjika nao ni chenga. Nalipenda neno hili kwa sababu linasema ukweli wa jambo. Mwanga wenyewe huja kwa punje. Ukiwa mwingi, humwagika kama mvua ya masika na kila sehemu ya kihisi cha kamera hulowa sawasawa. Ukiwa mdogo, zinadondoka moja moja, huku tone, kule hakuna. Kamera ikikikuza hicho kidogo ilichopata, inaukuza na upungufu wake. Na hesabu yake haina huruma: mwanga ukiongezeka mara 4, usafi wa picha unaongezeka mara 2 tu.

Nayasema haya kwa sababu ya picha moja ya bibi yangu, mzaa mama. Ndiyo ya mwisho kabla hajafariki. Umeme ulikuwa umekatika, kandili iko pembeni, yeye kakaa mkekani na kanga yake begani, na simu ikajitahidi kadiri ya uwezo wake. Familia ikaamua ichapishwe kubwa, itundikwe sebuleni baada ya arobaini. Kazi ya kuitengeneza nikapewa mimi.

Kwenye programu ya kuhariri kuna njia mbili, na zinavutana kama wake wenza. Ya kwanza ni kupunguza chenga. Programu inalinganisha kila nukta na jirani zake, kisha inaisogeza ifanane nao. Tatizo ni kwamba haijui ipi ni chenga na upi ni mkunjo wa jicho; vyote kwake ni vitu vidogo vinavyotofautiana na jirani. Ya pili ni kunoa. Kunoa hakuongezi chochote ambacho kamera haikukiona. Kunafanya upande wa giza wa ukingo uwe giza zaidi na upande wa mwanga ung'ae zaidi, basi jicho linadanganyika kwamba limeona vizuri. Ujanja huu ni wa tangu enzi za filamu, mafundi walipokuwa wakibandika nakala yenye ukungu juu ya negativu. Nako hakuchagui: kunanoa kope, kunanoa na chenga.

Nilitengeneza matoleo mawili makusudi, moja laini kabisa na moja kali kabisa, nikayatuma kwenye grupu la familia.

Mjomba alijibu kwanza: "Hii laini ndiyo yenyewe, mjomba. Bibi yako kang'aa, kama hajawahi kuumwa."

Mama akakaa kimya mpaka usiku, halafu akanipigia. "Mwanangu, huyu wa kwanza ni nani? Mama yangu alikuwa na kovu juu ya nyusi. Lile la kijungu cha maandazi. Liko wapi?"

"Na hiyo ya pili, mama?"

"Hiyo ya pili umemrushia mchanga usoni."

Wote wawili walikuwa na haki yao. Mjomba ndiye aliyemuuguza. Alitaka kumwona bila ugonjwa. Mama alitaka kumwona.

Kuna jambo jingine lililonikera. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo katika chumba chenye kandili chenga hutangulia kuvamia nyuso kama zetu. Na kinachofuata chenga ni ulaini. Yaani nyuso zinazofutwa kwanza ni zetu. Programu mpya za akili mnemba zinaahidi kutuondolea tabu hii, lakini pale ambapo taarifa haipo zinajaza kwa kubahatisha kutokana na picha nyingine zilizofundishiwa. Bibi angeweza kupewa mkunjo wa bibi wa watu.

Nikaanza upya, taratibu. Chenga za rangi, zile za kijani na zambarau, nilizifuta zote, maana hakuna wa kuzililia. Za mwangaza nilipunguza kidogo tu. Kisha, na lazima iwe kisha, nikanoa, lakini kwa kuchagua: macho, pindo la kanga, kovu. Mashavu na ukuta nyuma yake nikaviacha. Nilinoa kupita kile kilichopendeza kwenye skrini, kwa kuwa wino ukigusa karatasi husambaa na kulainisha.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu upigaji picha, anaisimulia kwa kirefu picha ya marehemu mama yake akiwa mtoto, lakini hatuonyeshi. Kwetu, anasema, ingekuwa picha ya kawaida tu. Sasa namwelewa zaidi. Mpita njia akiiona picha yetu ukutani atasema ina chenga, na hatakosea.

Mjomba aliiangalia kwa muda mrefu siku ilipotundikwa. Akarudi nyuma hatua tatu, na kwa umbali huo chenga zikapotea zenyewe. "Kumbe unatakiwa usogee nyuma," akasema.

Mama yeye akasogea mbele, akaweka kidole juu ya kovu.