Mia Tano Kamili

Marehemu baba alifanya kazi ya mashine katika viwanda vya Baba Dogo karibu maisha yake yote, na aliponisomesha kompyuta nia yake ilikuwa nisije nikapanga foleni getini kama yeye. Nikarudi kupitia geti lile lile. Yeye akiingia alikuwa akikata kushoto, kwenye mashine za kuyeyusha plastiki. Mimi nikakata kulia, kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi, rafu ya seva na betri za kushikilia stima ikipotea. Siku aliyochungulia ndani aliniuliza, "Yaani unalipwa kukaa na baridi?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa cyber kando ya Baba Dogo Road. Kazi ilikuwa kuchapa barua za kuomba kazi, kutoa kopi za vitambulisho na kumfungulia mtu barua pepe ambayo nywila yake aliisahau kabla hajatoka mlangoni. Kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ikaanza kushuka bei, na viwanda vilivyokuwa vikitumia faksi vikataka vijana wa kuvuta nyaya. Niliajiriwa mwaka 2011 kama msaidizi wa kompyuta. Cheo hicho kilimaanisha kubadilisha wino wa printa na kufukuza panya waliokuwa wakitafuna kebo juu ya dari.

Wakati huo, ukitaka kujua nani anafanya kazi pale, ulikwenda kwa soja. Alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada gumu, na humo aliandika jina, namba ya kitambulisho na saa ya kuingia ya kila mtu, wa kudumu na kibarua. Ofisini kila idara ilikuwa na orodha yake, na hakuna orodha mbili zilizokubaliana. Mkubwa wangu aliponiagiza nizikusanye zote mahali pamoja, nilifunga seva ya saraka ya OpenLDAP, kwanza kwa sababu haikuwa na leseni ya kulipia, na mkurugenzi aliipenda sababu hiyo kuliko nyingine zote.

Itifaki ya LDAP yenyewe ilibuniwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1993, Tim Howes akiwa miongoni mwa waandishi, na mradi wa OpenLDAP ukaanza mwaka 1998. Kazi yake ni kutunza rekodi zinazosomwa mara nyingi na kubadilishwa mara chache: jina, idara, simu, nywila. Kwetu kila mtu alipata rekodi moja, na rekodi hiyo hiyo ndiyo iliyomfungulia barua pepe, geti la kadi na sahani ya chakula kantini. Vibarua hawakuwa na barua pepe, lakini wanaingia getini na wanakula, kwa hiyo nao wakaandikwa. Daftari la mishahara lilikuwa na wale wa kudumu tu. Pole pole saraka yangu ikawa mahali pekee palipokuwa na watu wote wa kiwanda, zaidi ya mia saba.

Hilo halikuonekana kuwa na uzito wowote mpaka mwaka 2024. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, na makato yakawa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Ofisi ikataka orodha moja ya wafanyakazi wote, wa kudumu na vibarua, ili ijulikane nani amejisajili na nani bado. Mshauri wa nje aliyekuwa akitengeneza mfumo mpya wa mishahara aliandika skripti ya kutoa majina kwenye saraka. Ikakimbia bila kulalamika, orodha ikachapishwa, ikapelekwa juu.

Aliyeishtukia ni mama wa mishahara. LDAP hajui ni mdudu gani, lakini amewalipa watu wa pale miaka mingi na anawajua kwa sura. Aliniita, akaweka kidole chini ya ukurasa wa mwisho.

"Kijana wangu, hii karatasi inasema tuko mia tano kamili. Lini sisi tumewahi kuwa kamili?"

"Nitaangalia, Madam."

"Angalia vizuri. Wasichana wangu wa packing wa usiku simwoni hata mmoja."

Kabla sijaketi, maelezo yalikuwa yameshapatikana huko kwenye mashine. Msimamizi mmoja aliamini kwamba vibarua hawakuleta vitambulisho, na akawaamuru walete kopi upya, za kutoa kwa pesa zao. Mwingine alikuwa na hakika kwamba rekodi zimefutika stima ilipopotea. Nilifungua saraka nikatafuta jina la msichana mmoja wa packing. Alikuwepo, na namba yake ya kitambulisho, na kadi yake ya geti. Nikamtafuta wa pili, naye yupo. Kwa hiyo hakuna kilichofutika, na hakuna aliyekosa kuleta kitu. Tatizo lilikuwa njiani, kati ya saraka na karatasi.

Nikauliza swali lile lile kwa mkono, kwa amri ya ldapsearch, bila skripti. Majina yakamiminika, na mstari wa mwisho ukasema wazi: matokeo, msimbo 4. Kwenye waraka wa LDAP, RFC 4511 wa mwaka 2006, msimbo 0 ni mafanikio, 3 ni muda umekwisha, na 4 ni kikomo cha idadi kimepitwa. OpenLDAP ikiachwa ilivyokuja humpa muulizaji rekodi 500, kisha husimama na kusema imesimama. Seva ilikuwa imesema kila mara. Kwenye skripti, mkondo wa makosa ulikuwa umeelekezwa /dev/null, shimo ambalo Linux hutupia kisichotakiwa kuonekana. Aliyeiandika alitaka skrini iwe safi, na ikawa safi.

Kwa nini wakakosekana hao na si wengine? Itifaki haiahidi mpangilio wowote wa majibu. Lakini ghala la OpenLDAP huipa kila rekodi namba kwa kadiri inavyoingia, na utafutaji mpana kama ule huzipitia kwa mfuatano wa namba hizo. Wazee wa kiwanda, walioandikwa mwanzo, walitoka wote. Mkasi ulipita kwa walioandikwa mwisho, nao ni vibarua: wanaofika alfajiri kwa miguu kutoka Korogocho, Ngomongo na Lucky Summer, na ambao jina lao likikosekana kwenye karatasi hawana ofisi ya kwenda kuuliza. Mkubwa angekosekana kwenye orodha ile, simu ingelia kabla ya saa nne.

Kujua chanzo ni jambo moja, kutengeneza ni jingine. Kwanza niliomba bila kikomo upande wangu, kwa kuongeza -z 0. Zikaja 500 zile zile, kwa sababu muulizaji anaweza kujipunguzia lakini hawezi kujiongezea zaidi ya alichoruhusiwa na seva. Kisha nikaomba kurasa kwa kurasa, 200 kwa kila ukurasa, mbinu iliyoelezwa katika RFC 2696 ya mwaka 1999. Kwenye Active Directory, saraka ya Microsoft, mbinu hiyo ndiyo dawa: kikomo chake cha kawaida ni rekodi 1000 kwa ukurasa, na ukiomba ukurasa baada ya ukurasa unazipata zote. OpenLDAP hujumlisha kurasa zote na kuzipima kwa kikomo kile kile. Ukurasa wa kwanza ukaja, wa pili ukaja, wa tatu ukakatika katikati.

Mshauri alikuwa na njia mbili za mkato. Ya kwanza, nimpe nywila ya msimamizi mkuu wa saraka, kwa maana huyo hawekewi kikomo. Ya pili, niondoe kikomo kwa kila mtu. Njia zote mbili zingetoa orodha mchana ule ule, nami nikazikataa zote mbili. Msimamizi mkuu anaweza kufuta saraka nzima, na nywila yake haikai ndani ya skripti inayosomeka na yeyote aliyeingia kwenye mashine ile. Na kikomo hakikuwekwa kutuudhi. Ukikiondoa kwa wote, yeyote mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuchota namba za vitambulisho na simu za watu mia saba kwa amri moja, na kwenda kuziuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data itolewe kwa kadiri ya shughuli iliyopo, si zaidi.

Nilifungua akaunti mpya ya kazi hiyo peke yake. Kwenye usanidi wa ghala nikaandika mstari mmoja wa olcLimits unaosema kwamba akaunti hii, kwa jina lake kamili, haina kikomo cha idadi. Wengine wote wabaki na 500 zao. Kisha kwenye ruhusa nikaiwekea isome sehemu nne tu: jina, namba ya mfanyakazi, namba ya kitambulisho na simu. Seva haikuhitaji kuzimwa wala kuwashwa. Nikauliza tena, na safari hii mstari wa mwisho ukasoma msimbo 0.

Msimbo 0 peke yake haukunitosha. Nikakimbiza slapcat, ambayo husoma ghala moja kwa moja kwenye diski bila kupitia itifaki, kwa hiyo haijui vikomo. Faili lake sikumpa mtu, kwa kuwa slapcat hutoa kila kitu, hata nywila zilizosagwa. Nililitumia kuhesabu tu rekodi za watu, nikalinganisha na orodha. Zikalingana.

Mama wa mishahara akasoma orodha mpya, akawakuta wasichana wake, kisha akauliza, "Na huyu TmfigJlhbmfigJlh ni nani?" Alikuwa Ng'ang'a. Mtu alikuwa amenakili jina lake kutoka kwenye barua iliyochapwa kwa Word, na Word huikunja ile alama ya king'ong'o. Alama iliyokunjwa haimo katika herufi za ASCII, na faili la LDIF, muundo ambao ldapsearch hutolea majibu, likikutana na herufi ya namna hiyo hulifunga neno zima kwa base64 na kuweka nukta mbili mara mbili mbele yake. Akina Ng'ang'a, Ng'ethe na Nyong'o walioandikwa kwa kunakili wote walitoka wakiwa mafumbo. Nilirekebisha majina ndani ya saraka yenyewe, ili wasije wakaharibika tena kwenye orodha ya mwaka ujao.

Siku hizi sipo pale. Nafanya kazi za hapa na pale, viwanda na shule za pande hizi za Ruaraka, na tatizo lile nimelikuta kwa sura nyingine. Kwenye 389 Directory Server, seva nyingine ya saraka, kikomo cha kawaida ni 2000, na kuna kingine cha 5000 kinachohesabu rekodi zinazopekuliwa, hata kama zitakazotolewa ni chache. Kwa hiyo mtu akinionyesha orodha ya watu 500, 1000 au 2000 kamili, simpongezi. Namuuliza mstari wa mwisho ulisema nini.

Vijana ninaowafundisha wananiona nina wasiwasi mwingi. Skripti zao ninawarudishia kama hazihesabu, kama hazisimami msimbo usipokuwa 0, na kama zinatupa makosa /dev/null. Wananiambia kompyuta haikosei. Nawaambia ni kweli, ile seva haikukosea hata mara moja; ilitoa ilichoruhusiwa kutoa na ikasema pale ilipoishia. Kosa la orodha pungufu ni kwamba aliyeachwa hayumo ndani yake akalalamika. Kwa hiyo wakiniletea orodha, naanza kuisoma kutoka chini. Huko ndiko waliko walioajiriwa jana.