Nafasi ya mswala mmoja

Imebaki wiki moja tu Shaabani imalizike, na majirani zetu wameshaanza kuulizana bei ya tambi na tende. Sisi mwaka huu tumeanzia maandalizi mahali pengine: tumeanzia chini ya kitanda. Tunamwomba msomaji aturuhusu tueleze sababu, kwani jambo lililotufikisha huko lilitutia aibu, na huenda katika nyumba nyingine lipo vilevile bila wenyewe kulijua.

Tunaishi Temeke, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi wa kati na ua wa pamoja. Sisi tumepanga viwili. Kimoja tunalala wenyewe. Kingine, cha futi 10 kwa 12, ni sebule mchana na chumba cha watoto wetu watatu usiku.

Ramadhani iliyopita alitujia mama kutoka Kilwa. Ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, ingawa kwa miaka 12 ya ndoa yetu sote tumemwita mama. Ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza tangu baba atangulie mbele ya haki, nasi hatukutaka afuturu peke yake. Siku ya sita akaaga. Alisema kuku wake hawana mwangalizi. Tulimbembeleza, akashikilia hilo la kuku, basi tukamsindikiza Mbagala akapanda basi. Tuliporudi tukaambiana kwamba wazee ndivyo walivyo, hawawezi kuishi mbali na miji yao.

Binti yetu wa miaka 9 ndiye aliyetufumbua macho, Idi ikiwa imeshapita, wala hakukusudia kutuumiza. Alisema tu: “Bibi usiku alikuwa anaswali uani, karibu na karo, kwa sababu humu ndani hapana pa kusujudu.”

Tulisimama mlangoni tukakitazama chumba kile kana kwamba ni cha watu wengine. Makochi mawili, meza, kabati, friji bovu, maboksi juu ya maboksi. Magodoro yakishatandikwa hapakubaki pa kuweka hata unyayo. Mama wa watu, mwenye maumivu ya magoti, alikuwa akisubiri tulale, kisha akifungua mlango taratibu na kwenda kusujudu kwenye saruji yenye majimaji.

Udhuru uliotujia upesi ulikuwa kwamba chumba ni kidogo. Lakini udhuru huo haukutukaa moyoni. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akilala mbele ya Mtume (s.a.w.) naye Mtume akiswali usiku. Alipotaka kusujudu alimgusa, naye akaikunja miguu yake. Alipoinuka akainyoosha tena. Na nyumba zao siku hizo hazikuwa na taa. Chumba ambacho mtu hapati pa kusujudu mpaka mwenzake akunje miguu hakikuwa kikubwa. Pamoja na hayo, kilimtosha mbora wa viumbe kwa ibada ya usiku. Tukatambua kwamba kasoro yetu haikuwa upungufu wa futi, bali wingi wa vitu.

Kwa hiyo Shaabani hii tulijiwekea jioni tatu na Jumapili moja. Tuliigawa kazi vipande vidogo, kila kimoja kiweze kwisha kabla ya Isha, maana anayepangua nyumba nzima kwa mara moja huchoka njiani, na usiku watu wakalala juu ya marundo.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya chini ya kitanda. Tulitoa kila kitu ukumbini tukakitenga mafungu mawili: cha kutumika na cha kutoa. Tulikuta seti ya sahani na vikombe vya udongo tuliyopewa harusini, bado imo ndani ya boksi lake. Miaka yote 12 tulikuwa tukiitunza kwa ajili ya wageni. Vyombo vya mgeni vilikuwa vimelala pazuri, mgeni mwenyewe anaswali karoni.

Tulikuta pia sufuria kubwa la jirani yetu wa chumba cha mbele. Tuliliazima siku ya maulidi. Alipotuuliza baadaye tulimjibu kwamba tumeshalirudisha, tena tulimjibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa tulikuwa na yakini. Hapo ikabidi tuongeze fungu la tatu: kisicho chetu. Usiku uleule tulilisugua, tukampelekea sote wawili, tukamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: “Mimi nilishasamehe. Lakini nilikuwa sipendi kuonekana mwongo.” Neno hilo tunalo hadi leo. Mwenye kutaka kuufikia mwezi mtukufu hali mikono yake ni mitupu ya haki za watu, na aanze kutazama uvunguni mwake.

Jioni ya pili tuliingia kwenye pembe ya chakula. Tuligundua vifuko vitatu vya tambi vilivyofunguliwa, kila kimoja kimenunuliwa kwa sababu kingine hakikuonekana, na unga wa ngano uliokwisha kuingia wadudu. Tumekatazwa israfu, nasi tulikuwa tukiifanya pasipo hata kufurahia kula. Sasa vyakula vikavu tumevitia katika ndoo ndogo zenye mifuniko ya kubana: unga mbali, kunde mbali, tende mbali na sisimizi. Kilicho kikuukuu kinakaa mbele kitumike mwanzo. Vya daku tumevipanga pamoja kwenye chano kimoja, ili anayeamka asigonge masufuria gizani akaamsha nyumba nzima. Mtungi wa gesi tumeusimamisha karibu na dirisha, kwani gesi ikivuja huwa nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mahali palipozibana. Uvunguni si mahali pake. Na jiko la mkaa tumekubaliana halitaingia ndani hata mvua inyeshe vipi. Moshi wake usioonekana umeshaua watu waliolala.

Jioni ya tatu ilikuwa ya nguo. Kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo, alichagua zile anazovaa kweli. Zilizobaki nzima tulizifua na kuzipiga pasi kabla ya kuzitoa, kwa kuwa anayepewa naye ana heshima yake. Nyuma ya mlango tulipigilia ubao wenye misumari mirefu. Hapo zinatundikwa kanzu, baibui na mifuko ya madrasa. Msahafu tuliutengea rafu ya peke yake, juu, pasipowekwa kitu kingine.

Jumapili tulifanya kazi ya nguvu. Friji bovu lilichukuliwa na fundi, na kochi moja likaenda kwa ndugu aliyeoa karibuni. Kitanda tulikiinua kwa kuweka tofali chini ya kila mguu, na uvungu ukatosha kupokea maboksi yote yaliyokuwa sebuleni. Magodoro ya watoto sasa yanakunjwa asubuhi na kusimamishwa nyuma ya kabati. Kisha tukalihamisha kabati lenyewe. Hapa Dar es Salaam kibla chetu ni kaskazini, na muda wote huo tulikuwa tumeuziba ukuta wa kaskazini kwa kabati la vyombo. Lilipoondoka ilipatikana sehemu ya futi 3 kwa 5. Tulitandika mswala, ukaenea, na pembeni pakabaki nafasi ya kiti, kwa ajili ya magoti ya mama.

Usiku huo tulizima taa, watoto wakiwa wamelala mahali pao pa kawaida, na mmoja wetu akaswali pale rakaa mbili kujaribu. Hakumgusa mtu.

Tulimpigia mama simu. Hatukumwambia tulichokwisha kukijua. Tulimwambia tu kwamba tumepata pa kuswalia. Akauliza kama tumehamia nyumba kubwa. Tukamjibu kwamba ni ileile. Alinyamaza, tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kuku atawaacha kwa jirani, na kwamba inshaallah ataingia siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Wasomaji wetu, tusingoje nyumba kubwa. Wengi tutaondoka duniani bila kuipata, na ilhali wazazi wetu hawatungoji. Mwenye jioni moja tu kabla ya Ramadhani na aitumie kupima nafasi ya mswala mmoja ndani mwake, aone ni kitu gani kimeikalia. Sahani za harusi tumeshazitoa bokisini. Tutafuturia humo na mama.

Wabillahi tawfiq.