Kutoka Kauntabuku hadi Skripti

Nilipoanza kazi Musoma mwaka 2017, katika ofisi ndogo iliyotengeneza programu za vyama vya akiba na mikopo, nilikabidhiwa vitu viwili: laptopu na kauntabuku. Kauntabuku lilikuwa na kurasa 11 za mwandiko wa mkono. Sakinisha Ubuntu, weka PostgreSQL, weka Python, fungua faili hili, badilisha mstari ule. Ukurasa wa nne ulikuwa umemwagikiwa chai. Palipofutika ilibidi umuulize kaka aliyeuandika, naye mara nyingi alikuwa Bunda kwa wateja. Mstari wangu wa kwanza wa programu niliuandika siku ya tisa.

Siku zile zilikula bando vibaya. Kila mgeni alipakua upya vitu ambavyo jirani yake wa meza ya pili alikwisha kuvipakua, na umeme ukikatika, alianza tena. Niliwaona vijana wawili hodari wakiondoka kabla ya mwezi kuisha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kazi yenyewe hawakuwahi kuifikia.

Kilichonitoa usingizini ni siku moja ya mwaka 2021, huko Bunda. Seva ya mteja ilikuwa na Ubuntu 18.04, ambayo huja na Python 3.6. Mwenzangu mpya alikuwa na 20.04, yenye Python 3.8, na toleo hilo lilishaleta alama ya := ambayo Python ya zamani haiitambui. Aliitumia. Ofisini programu ilienda vizuri. Bunda ikagoma kuwaka, wanachama wamejaa kwenye benchi tangu asubuhi wakisubiri mikopo yao. Nikampigia simu.

"Dada, huku kwangu inafanya kazi," akasema. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana sikuweza kumlaumu. Nilirudi na haisi ya jioni, na tulipopita Makutano nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kauntabuku lile lazima listaafu.

Nilichagua Ansible, programu iliyotoka mwaka 2012. Kauntabuku lilikuambia ufanye nini. Faili la Ansible linaeleza mashine inavyotakiwa kuwa. Lenyewe linaingia kwa SSH, linakagua, linaongeza kinachopungua na kuacha kilichopo. Umeme ukikatika, unaliendesha tena bila hofu, maana yaliyokamilika halirudii.

Kuandika amri hakukunisumbua. Kilichonichukua wiki tatu ni kuyatafuta mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika popote: majira ya saa, fonti ya risiti, ruhusa ya folda moja ambayo kaka yule aliirekebisha siku moja na kuisahau. Nilifuta laptopu ya akiba na kuianza upya mara kumi na tano hivi, na kila mara ilinionyesha kitu kingine kilichokuwa kichwani mwa mtu. Matoleo yote niliyafunga yafanane na ya seva za wateja. Nywila sikuiweka hata moja humo. Kila mtu hupewa zake.

Kisha tukachukua kompyuta kuukuu ya ofisi, tukaiwekea apt-cacher-ng ili ihifadhi nakala ya kila kifurushi cha Ubuntu kinachopita, na folda ya vifurushi vya Python pembeni. Kitu kikishapakuliwa mara moja Musoma, hakinunuliwi bando tena.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadorora karibu nchi nzima. Kesho yake nilitakiwa Butiama kuandaa laptopu sita za vijana wa mafunzo. Wenzangu walinishauri niahirishe. Nikaifunga ile kompyuta kuukuu kwa shuka, nikabeba na ruta, nikapanda gari.

Hatukugusa intaneti hata kidogo. Laptopu zote sita zilikuwa tayari katika dakika 50, na kabla ya chakula cha mchana kila kijana alikuwa amebadilisha kitu kwenye programu na kukiona kikifanya kazi.

Mmoja wao, binti wa Butiama, sasa ni mfanyakazi mwenzangu. Mabadiliko kumi ya mwisho ya skripti ile ya Ansible ni yake, na siku alipoyafanya mimi nilikuwa likizo.